Mbweha, Mbwa na Dhamiri za Ndugu

Katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anawaandikia watu wa kanisa moja walioshindwa kukubaliana juu ya chakula. Wengine walikula kila kitu, wengine walikula mboga peke yake. Paulo hakuwaambia kwamba jambo lao ni dogo, wala hakuwakataza kulifikiri. Aliwataka kila mmoja awe na hakika moyoni mwake mbele za Bwana, kisha asimdharau wala asimhukumu ndugu aliyefikia neno jingine. Sisi tunaokusanyika kusali kwa Kiswahili katika mji mdogo wa mashambani hapa Leicestershire, Uingereza, tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi. Aliyetulazimisha kuiishi ni mnyama mwekundu mwenye mkia mnene, naye ni mbweha.

Ndugu wa nyumbani ambao hawajauona uwindaji wa huku wanahitaji kuelezwa ulivyo. Mbweha wa Uingereza si yule wa kwetu mwenye mgongo mweusi, ila wote ni wa jamii ya mbwa, na wote wawili wana sifa ya wizi. Kumwinda ni desturi ya siku nyingi. Watu hupanda farasi, mwenye kuongoza hupiga pembe, na kundi kubwa la mbwa hufuata harufu ya mbweha kupita mashamba na vichaka. Katika uwindaji wa zamani mbwa walimkimbiza mpaka wakamshika na kumuua. Akijificha shimoni, mbwa wadogo waliingizwa kumtoa, au watu walichimba. Msimu huanza Novemba na kwisha karibu na Machi, na siku yake kubwa ni 26 Desemba, siku inayofuata Krismasi. Leicestershire ni kama nyumbani kwa desturi hiyo, maana ni hapa, katika karne ya 18, Hugo Meynell alipofuga mbwa wenye mbio na pua kali ambao wawindaji wengine waliwaiga.

Jambo hili limewagawa Waingereza wenyewe. Septemba 2002 watu wapatao 400,000 waliandamana London kutetea maisha ya mashambani, na uwindaji ulikuwa mstari wa mbele katika madai yao. Hata hivyo Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 2004 inayokataza kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa katika Uingereza na Wales. Nyumba ya Malodi iliikataa, na Wabunge wakatumia uwezo wao wa kuipitisha bila ridhaa yake. Ilianza kutumika 18 Februari 2005. Uskoti ilikuwa imetangulia kutunga yake mwaka 2002. Tangu hapo vikundi vya wawindaji hutoka vikisema kwamba mbwa wanafuata harufu iliyoburutwa ardhini na mtu, si mbweha aliye hai. Wapinzani wao wanasema harufu hiyo mara nyingi ni kisingizio tu. Serikali ya chama cha Labour iliyoingia madarakani 2024 iliahidi kuukataza na uwindaji huo wa harufu.

Tungeweza kukaa pembeni na kusema hayo ni mambo ya wenyeji. Lakini ilikuja barua. Familia za wawindaji wa eneo letu huandaa kila Desemba ibada ya nyimbo za Krismasi katika kanisa la kijiji, na sadaka yake huenda kwa helikopta ya kubeba wagonjwa. Waliomba kwaya yetu iimbe nyimbo mbili kwa Kiswahili. Waliomba pia, kama tungependa, tuimbe tena tarehe 26, mbele ya baa, kabla ya farasi na mbwa kutoka.

Tulizungumza kwa wiki tatu baada ya ibada, chai ikipoa mezani.

Mama mmoja mtu mzima kati yetu alianza kwa methali: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alisema hakuna anayemkataza mkulima kumuua kicheche aliyemaliza kuku wake, lakini kuvaa koti zuri na kupiga pembe ili kiumbe cha Mungu kikimbizwe saa nzima ni kuyafanya mateso kuwa sherehe. Kaka mmoja kutoka Kongo alikubaliana naye kwa njia yake. Kwao baba zake waliwinda, na waliwinda ili wale. Nyama ya mbweha hailiwi na mtu, akauliza, basi anayewindwa anawindiwa nini?

Aliyewajibu ni ndugu anayefanya kazi kwa mfugaji wa kondoo. Kila majira ya kuchipua hukesha kondoo wanapozaa, na amewahi kuokota asubuhi wanakondoo waliouawa. Alisema mbweha atauawa tu, kwa mbwa au kwa njia nyingine. Bunduki ya marisau ikishikwa na mtu asiyejua humjeruhi mnyama, naye huenda kuoza akiwa hai kichakani. Mbwa, alisema, wakimfikia humaliza mara moja, na wasipomfikia huenda zake mzima. Tena akatukumbusha kwamba Maandiko yanamtaja Nimrodi kuwa hodari wa kuwinda bila kumlaani, na kwamba Isaka aliyapenda mawindo ya Esau.

Dada anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea alileta neno ambalo hatukulitarajia. Mmoja wa wazee anaowaosha na kuwalisha ana picha ukutani inayomwonyesha akiwa kijana juu ya farasi, amevaa koti jekundu. Hawakumbuki tena wajukuu wake wote, lakini akiulizwa juu ya picha hiyo hutaja mbwa mmoja mmoja kwa jina. “Siwezi kuimba kana kwamba mzee huyu ni mkatili,” dada alisema. “Namjua.”

Tulisoma pia, kwa kuwa bidii ya kuujua ukweli ni sehemu ya upendo. Mwaka 2000 tume iliyoongozwa na Bwana Burns iliiletea serikali taarifa juu ya uwindaji. Ilikadiria kwamba vikundi vilivyosajiliwa viliua mbweha kati ya 21,000 na 25,000 kwa mwaka, na kwamba ajira kati ya 6,000 na 8,000 ziliutegemea uwindaji. Ilisema kufukuzwa, kukamatwa na kuuawa na mbwa kunamdhuru mbweha vibaya. Ilisema pia kwamba mitego na bunduki vinaweza kumtesa, ila risasi ya mtu hodari, usiku kwa taa, ina madhara machache kuliko mbwa. Kila upande ulipata humo kitu cha kushika, na hakuna upande uliopata vyote.

Historia ya kanisa nayo haikutupa jibu la haraka. Katika karne ya 19 kasisi John Russell wa Swimbridge, Devon, alipenda sana kuwinda mbweha, na aina ya mbwa wadogo wa kuingia mashimoni inaitwa Jack Russell kwa jina lake hadi leo. Katika karne hiyohiyo kasisi mwingine wa Kanisa la Anglikana, Arthur Broome, aliitisha mkutano London mwaka 1824 uliozaa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, William Wilberforce, mpinga biashara ya utumwa, akiwa mmoja wa waliokuwapo. Broome alifungwa gerezani kwa madeni ya chama hicho. Makasisi wawili, Biblia moja, kanisa moja.

Hata hivyo si kila kitu ni maoni. Tulipokusanya yale ambayo hakuna aliyeyapinga, tuliona kwamba tulikuwa na msingi mpana kuliko tulivyodhani. Sheria ya Musa inamkataza mtu kumchukua ndege pamoja na makinda yake, na inamtaka anayewinda aimwage damu na kuifunika kwa mchanga. Maana yake hata mnyama wa porini anapouawa, uhai wake si mali ya mwindaji. Mithali 12 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuwataja wanyama wengi wa Ninawi. Mbweha mwenyewe yumo midomoni mwa Bwana Yesu mara mbili: mara moja kumfananisha Herode na ujanja wake, na mara moja kusema kwamba mbweha ana pango la kulala ilhali Mwana wa Adamu hana. Kwa hiyo yule ndugu wa kondoo na yule mama wa methali wote walikiri neno moja, kwamba kufurahia mateso ya kiumbe ni dhambi, aliye juu ya farasi au aliye nyuma ya bunduki. Tofauti yao ilikuwa ni mahali gani furaha hiyo inapopatikana.

Neno la pili tuliloliondoa katika maoni ni kweli. Mtu anaweza kuiona sheria ya 2004 kuwa mbaya na kuwaandikia wabunge waifute. Hiyo ni haki yake. Lakini kusema “tunafuata harufu” huku ukijua mbwa wanamfuata mbweha ni uongo, na uongo hauna upande wa mashambani na upande wa mjini. Sisi wageni tunalijua hili kwa uchungu, maana tunatakiwa kusema kweli katika kila fomu tunayojaza. Hatuwezi kuwa na kipimo kingine kwa wenyeji wetu.

Basi tuliamua hivi. Ibada ni ibada, na mlango wa kanisa hauulizi mtu amefika na farasi au kwa basi. Aliyeruhusiwa na dhamiri yake aende akaimbe. Asiyeruhusiwa abaki, na asiitwe dhaifu wala mwenye kiburi. Tarehe 26 hatutaimba, kwa kuwa hiyo si ibada, na tusingeweza kusimama pale bila kuonekana tumebariki jambo ambalo nusu yetu hatulibariki. Wazee wawili wa kanisa walienda kuwaeleza wenyeji hayo ana kwa ana, badala ya kuandika barua.

Mwenyeji mmoja, mkulima mwenye umri mkubwa, aliwasikiliza mpaka mwisho. Alisema kikundi chao hufuata sheria, na kwamba yeye mwenyewe anaona sheria hiyo si ya haki. Kisha akawashukuru kwa kuja badala ya kunyamaza. Kumi na mmoja kati yetu waliimba. Saba walibaki, na jioni hiyohiyo walikutana nyumbani kuomba kwa ajili ya wale waliokwenda. Kaka wa Kongo hakurudi kwaya hadi baada ya Pasaka. Hakuna aliyemlazimisha, na kila Jumapili kiti chake kiliachwa wazi. Bado anaamini tusingekwenda kabisa, na anaimba sauti ya chini pamoja na ndugu wa kondoo, bega kwa bega.

Msomaji mpendwa, huenda hutaona mbwa wa kuwinda maisha yako yote. Na sisi wenyewe tumetoka nchi zisizofanana, maana Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na Tanzania inautolea leseni. Lakini katika ushirika wako lipo jambo ambalo watu wacha Mungu hawakubaliani juu yake. Tunakusihi mambo matatu. Mtafute ndugu yako akueleze mwenyewe sababu zake, usizisikie kwa mwingine. Tenga kilicho maoni na kilicho amri, wala usikubali amri ya kusema kweli na kuwa na huruma igeuzwe kuwa maoni. Na mkishaamua, angalia ni nani ambaye kiti chake ki wazi, umwombee kwa jina.