Vitu vya Kuchezea Alivyochagua Mama

Nilikulia Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, miaka michache baada ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi kukamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Maji ya mito ya Njoro na Rau yaliingia majarubani, na wazazi wengi walishinda kwenye mpunga tangu kupandikiza hadi kuvuna. Sisi wakubwa tulijitengenezea vya kuchezea: magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba za mgomba, vizibo vya soda vya kuhesabia. Mdogo wetu wa mwisho alipoanza kutembea, mama akatuambia kwamba hivyo vyetu havimhusu. Waya una ncha, kizibo kinamezeka.

Kilichokataliwa kwa ukali zaidi kilikuwa kopo la dawa ya wadudu. Makopo ya namna hiyo yalitupwa kandokando ya majaruba, nasi tuliyaokota. Kaka alitia kokoto ndani, akalitikisa, likalia vizuri, akaja nalo mbio kumpa mtoto. Mama alilipokea, akalinusa, akalitumbukiza chooni, kisha akamsimamia kaka hadi akanawa mikono kwa sabuni.

“Huyu bado anajua vitu kwa mdomo,” alisema. “Ukimpa cha kuchezea, umempa cha kula.”

Siku bibi aliposhuka kutoka Uru, mlimani, alileta kibuyu kidogo kikavu ambacho hakijatobolewa. Mbegu zake zenyewe zililia ndani, na hazikuwa na pa kutokea. Mdogo wetu alikitikisa, akanyamaza, akakitikisa tena. Alikuwa anatambua kwamba sauti ile inatoka kwenye mkono wake, na hilo kwa mtoto wa mwaka mmoja ni somo zima.

Baada ya kibuyu zikaja sufuria. Mama alimpangia sakafuni zile zisizo na mikono, za ukubwa tofauti, pamoja na mifuniko yake. Mtoto alifunika kubwa kwa mfuniko mdogo, ukatumbukia. Akajaribu mwingine, ukakaa. Mama alikuwa akichambua mchele huku anamsemesha: “Lete mfuniko wa ile kubwa, baba. Sasa weka ndogo ndani.” Kubwa, ndogo, ndani, nje, juu, chini: maneno hayo aliyapata hapo, kabla hajaweza kutamka hata nusu yake.

Maji aliyapenda kuliko vyote. Mifereji ilikuwa na hatari ya kuzama na ya kichocho, kwa hiyo mama alimtilia maji safi kidogo kwenye beseni, akampa kikombe, kopo la Blue Band na chujio. Mmoja wetu alipewa kazi ya kukaa naye bila kuondoka, na beseni lilimwagwa mara tu mchezo ulipokwisha. Udongo wa kufinyangia ng’ombe hatukuuchota jarubani kwenye dawa. Tuliutoa kwenye kichuguu. Mwanasesere alishonwa kwa kipande cha khanga, na macho yake yalikuwa ya uzi, si vifungo.

Nilipopata watoto wangu nilikwenda soko la Memorial mjini Moshi, kwenye marundo ya midoli ya mitumba. Mingi ilikuwa ya betri: unabonyeza, mdoli unaimba, unawaka taa, na mtoto hana la kufanya ila kutazama. Nikakumbuka sufuria za mama, nikachagua vipande vya mbao vya kupanga na kubomoa. Kila mdoli niliuvuta macho na magurudumu kuona kama yanang’oka, na wenye betri ndogo za duara niliuacha, maana betri hiyo ikimezwa huunguza koo. Baadaye nilisoma kwamba Marekani hupima vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7: kinachotumbukia humo chote hakifai. Mama alipima kwa macho, na uamuzi wake ulikuwa ule ule.

Desemba 2021 serikali yetu ilizindua programu ya malezi na makuzi ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini. Hata hivyo naona simu ikiwekwa mikononi mwa mtoto wa mwaka mmoja ili mkubwa apumzike. Mzazi mwenzangu, kabla ya kununua, jiulize mambo mawili: kitu hiki kinaweza kumdhuru akikitia mdomoni, na je, kinamwachia kazi ya kufanya? Kisha kaa naye sakafuni, umtajie vitu kwa majina yake. Sehemu hiyo haiuzwi Memorial wala dukani.