Miche Niliyomtumia Mwanangu

Ninauza miche ya maua na miti hapa Mwigobero, Musoma. Mwanangu anatunza nyoka huko Arusha, mahali ambapo wageni na wanafunzi huja kuwatazama. Alipoanza kazi hiyo nilimwambia kuwa nyoka ni yule wa Mwanzo sura ya 3, na kwamba sitampigia simu mpaka aiache. Ikapita miezi minane.

Siku moja akapiga yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliomba miche ya kuweka katika kizimba cha chatu mchanga. Arusha ni baridi mwezi Juni na Julai, kwa hiyo kizimba kinapashwa joto kwa taa, na upande wa joto hufika nyuzi 32. Nyoka hali majani, alinieleza, lakini akikosa pa kujificha huwa na hofu na hukataa chakula.

Wapendwa, naungama. Nilimtumia begonia. Zilikuwa zimechanua vizuri, lakini mimi ni muuza miche, nilijua. Shina la begonia ni maji matupu, nalo joto la taa na uzito wa chatu haliyawezi. Nilitaka kazi imshinde arudi nyumbani.

Baada ya wiki mbili akapiga tena. "Mama, zimekufa zote. Nadhani nimekosea mimi kuzitunza. Nifundishe."

Maneno hayo yalinichoma. Usiku ule sikulala. Nilipiga magoti, na mara ya kwanza sikumwombea mwanangu abadilike. Niliomba nisamehewe mimi.

Kulipokucha nikachagua upya, safari hii kwa uaminifu. Mnyaa niliuacha. Joto hauliogopi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kwa mtu na kwa mnyama. Mshubiri nao niliuacha kwa sababu ya miiba ya pembeni. Nikachukua katani pori, ile tunayoipita kila siku bila kuitazama. Majani yake manene hutunza maji ndani. Mchana wa jua kali hufunga vitundu vyake vya hewa, na usiku kukipoa huvifungua. Nilichagua miche isiyopuliziwa dawa ya wadudu, nikamwandikia maelekezo: iache kwenye vyungu, zungushia mawe ili nyoka asiviangushe, usiiweke chini ya taa moja kwa moja, na mwagilia tu udongo ukikauka.

Nilipokuwa nikifunga boksi la kupeleka kwenye basi, niliiona imani yangu. Ilikuwa begonia. Kanisani, kivulini, kila mtu aliisifu. Mwanangu alipofanya nisilolipenda, yaani joto lilipofika, ilinyauka ndani ya siku moja, na upendo ukaondoka nayo. Nilidhani ninamtetea Mungu, kumbe nilikuwa nimekauka.

Agosti alinitumia picha. Chatu amejikunja nyuma ya katani, na pembeni chipukizi jipya limetokeza udongoni. Niliitazama muda mrefu. Nyoka bado ninawaogopa, sitadanganya. Lakini kila Jumapili baada ya ibada ninayepiga simu ni mimi, na swali langu la kwanza ni kuhusu yeye. La pili ni kuhusu katani.