Tuzibe kwa Dawa Gani Meno ya Watoto Wetu?

Katika makazi ya askari husikika mara nyingi neno hili: "Jino la mtoto halina haja ya kuzibwa, litang'oka lenyewe." Neno hilo ni nusu ya kweli. Meno ya utotoni ni 20, nayo hung'oka yote. Lakini magego hukaa kinywani mpaka mtoto afikapo miaka 10 hata 12. Gego likitoboka mtoto akiwa na miaka 5, bado ana miaka mingi ya kulitafunia. Likiachwa hivyo, maumivu humnyima usingizi na chakula. Liking'olewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo, na jino la ukubwani likija hukosa nafasi.

Nasema haya nikiwa mke wa polisi na mama wa watoto watatu. Tulipokuwa Arua, binti yangu wa pili, mwenye miaka 5 wakati huo, alitoboka magego mawili: moja juu, mahali pa kutafunia, na la pili ubavuni, mahali linapogusana na mwenziwe. Katika zahanati moja ya mtu binafsi alizibwa hili la pili kwa rezini nyeupe, nzuri hata majirani wakaisifu. Lakini mtoto alilia tangu mwanzo hadi mwisho, na mate yalijaa kinywani. Kabla mwaka haujaisha, nasi tumekwisha hamishiwa Koboko, kizibo kilitoka chote alipokuwa akitafuna muhogo.

Daktari wa meno aliyempokea huko hakumlaumu mwenzake. Alinieleza kwa upole jinsi dawa hizi zifanyavyo kazi, nami nayaandika hapa kwa faida ya wazazi wengine.

Rezini huchanganywa na unga laini wa glasi. Ni ngumu, na rangi yake ni ya jino. Lakini haijishikizi yenyewe. Jino hupakwa asidi, huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi. Kisha rezini hutiwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hugandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Mate yakiingia kati, gundi haishiki. Kwa hiyo yataka vitu vitatu: taa yenye nguvu, kinywa kikavu, na mtoto mtulivu. "Umeme wa Nile Magharibi waujua," akaniambia, "na mtoto wako wamjua kuliko mimi."

Dawa ya pili ni saruji ya glasi, ambayo Wilson na Kent wa Uingereza waliitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hii hukorogwa kwa mkono, huganda bila taa, hushikamana na jino yenyewe, huvumilia unyevu kidogo, tena hutoa floridi. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza nchini Tanzania njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine. Baadaye njia hiyo ilitumia saruji hii, ikaenea duniani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya glasi katika orodha yake ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni huu: juu ya gego hudumu vizuri, lakini katika shimo la kati ya meno mawili huvunjika upesi zaidi.

Ya tatu ni saruji ya glasi iliyotiwa rezini. Hugandishwa kwa taa, lakini pia huendelea kuganda yenyewe, nayo ina nguvu kuliko saruji ya kawaida. Na gego lililoliwa sana huvikwa kofia ya chuma cha pua.

Ama ile dawa ya kale ya rangi ya fedha, yenye zebaki, mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana isitumiwe kwa meno ya utotoni wala kwa watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona hapana budi.

Binti yangu alizibwa gego la kwanza kwa saruji ya kawaida, na la pili kwa ile iliyotiwa rezini. Kazi ilifanywa asubuhi, kabla hajachoka, nami nikimshika mkono. Sasa ametimiza miaka 11. Gego lile la pili liling'oka lenyewe mwezi uliopita, kizibo kikiwa kingali ndani yake.

Basi, wazazi wenzangu, tusiulize tu ni dawa ipi iliyo nzuri au ya bei kubwa. Tumwulize daktari: shimo li mahali gani, kinywa kitakauka, na jino limebakiza miaka mingapi? Na kwa kuwa maisha yetu ni ya uhamisho, tumwombe atuandikie katika daftari la mtoto jino lililozibwa, tarehe na dawa iliyotumika, ili daktari wa kituo kipya asianze gizani. Kisha tumpigishe mtoto mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, maana hakuna kizibo kilicho bora kuliko jino zima.