Mjomba Arejea Mbuga ya Meru Mwisho wa Kiangazi

WAHENGA walisema tembea uone. Kwa wengi wetu tunaoishi mjini, matembezi huishia madukani. Lakini mwezi wa Oktoba, kiangazi kikielekea ukingoni na mvua ya vuli ikikaribia, jamaa yangu ilifunga safari ya siku nne hadi Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ndani ya gari lililokuwa pia nyumba yetu.

Lilikuwa gari kuukuu la mizigo tuliloazima kwa rafiki. Fundi alikuwa ametia ndani kitanda cha mbao, jiko la gesi na mitungi ya maji. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mjomba wangu, mzee wa miaka 72. Miaka ya 1980 Mjomba alikuwa kibarua wa kutengeneza barabara za mbuga hiyo. Aliondoka mwaka 1989 na kuapa kwamba hangerudi tena. Watoto ndio waliomshawishi.

Kutoka Nairobi tulipita mashamba ya mpunga ya Mwea na kuingia Embu, tukanunua ndizi, viazi vitamu na maparachichi. Baada ya Runyenjes barabara hupinda na kuteremka mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya. Tulipofika daraja la Nithi, ambapo basi lilitumbukia mwaka 2022 na kuua watu zaidi ya 30, gumzo lilikatika. Mume wangu alitia gia ndogo, gari letu zito likatambaa kama kobe.

Karibu na mji wa Meru tulivuka ikweta. Kisha tukapanda milima ya Nyambene, kwenye majani chai na miraa, tukajaza petroli Maua na kuteremka hadi lango la Murera. Ajabu ni kwamba kwa mwendo mfupi tu, msafiri hutoka kwenye ukungu na kujikuta katika nyasi kavu na mikoche.

Mbuga hii ya kilomita 870 za mraba ilitangazwa rasmi mwaka 1966. Wengi huijua kwa sababu ya Elsa, simba aliyelelewa na Joy na George Adamson na kuzikwa kando ya mto Ura mwaka 1961. Lakini Mjomba hakuuliza habari za Elsa. Aliuliza habari za vifaru.

Usiku ule katika kambi ya Bwatherongi, watoto walitaka kujua kwa nini. Aliwaeleza kwamba mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa mbugani humo. Mwaka uliofuata George Adamson mwenyewe alipigwa risasi na kufa huko Kora, ng'ambo ya mto Tana.

"Tulianza kuhesabu mizoga badala ya wanyama," alisema. "Ndipo nikaenda zangu."

Siku mbili tuliona twiga, nyati na ndovu waliofuata maji mitoni, kwani mwisho wa kiangazi ndio wakati mwema wa kuwaona. Vifaru hatukuwaona. Asubuhi ya siku ya mwisho wingu jeusi lilitanda juu ya Nyambene. Askari wa wanyamapori alituonya: mvua ikinyesha, udongo mweusi utatunasa. Mume wangu alitaka tuondoke mara moja. Mjomba hakusema neno, ila hakupanda gari.

"Baba, saa moja tu," binti yetu alisihi.

Tukaingia sehemu iliyotengwa kwa vifaru, ambako Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limewarejesha wanyama hao kutoka kwingineko nchini. Mbung'o walituuma bila huruma. Saa ilipokaribia kwisha, kifaru jike alijitokeza vichakani, na nyuma yake ndama. Mjomba alivua kofia yake.

"Wawili," alisema polepole.

Mvua ilitukuta njiani, gurudumu la nyuma likazama. Mzee alishuka, akatuagiza tukusanye mawe na matawi makavu, akayapanga mbele ya magurudumu kwa mikono yake. Sisi tukasukuma. Gari lilipotoka, sote tulikuwa tumepakwa matope hadi nyusi.

Msomaji, ukitaka kwenda, jaza petroli Maua, beba maji ya kutosha na nguo za rangi hafifu, kwa maana mbung'o hupenda nyeusi na buluu. Uende kabla mvua haijaanza, na ukiwa na mzee anayeyajua mahali hapo, mpe kiti cha mbele. Wetu alilala usingizi kutoka Chuka hadi Embu. Alipoamka aliuliza rafiki yetu atalihitaji lini gari lake.