Katika Kiti cha Shemeji



Juma hili tumeona vema tuwashirikishe habari ya jioni moja ambayo tumekaa nayo moyoni tangu mwaka 2023. Tulisita kuiandika. Kwanza ni habari ya chakula na vichekesho, na wengine wenu mtauliza tulikuwa tukitafuta nini mahali kama pale. Pili, ndani yake sisi wenyewe hatukuonekana vizuri. Tulimwomba ruhusa rafiki yetu ambaye habari hii ni yake kuliko yetu, naye akajibu kwa simu, "Andika, ila jina langu uliache."

Rafiki huyo tulisoma naye shule ya bweni, tukalala kitanda kimoja cha ghorofa miaka minne, yeye juu na sisi chini. Baadaye alivuka bahari, akaoa mwaka 1995 binti wa kwetu aliyekuwa akisomea uuguzi huko huko Marekani, wakafanya makazi yao katika jimbo la Florida. Kila tulipopiga simu, shemeji alikuwa akimnyang'anya mumewe chombo ili atuulize kwanza kama tumekula. Hilo ndilo lililokuwa swali lake, hata kama huku kwetu ilikuwa saa tisa ya usiku. Alifariki Januari 2021, katika wimbi la korona, akiwa bado kazini. Hatukuweza kwenda kumzika. Maziko yake tuliyaona kwenye simu ya kiganjani, picha ikikwama na kurudi, na mara ya mwisho ilipokwama ilituachia mkono wa mtu umeshika koleo. Mpaka leo tukikumbuka maziko yale tunauona mkono ule tu.

Mwezi Aprili 2023 ndipo tulipopata nafasi ya kumpa pole ana kwa ana. Aendaye kutoa pole huwa amekwisha jipangia mambo kichwani: tutakaa sebuleni, tutanyamaza, tutafungua albamu ya picha. Rafiki yetu hakuwa na mpango huo. Siku ya kwanza alitupeleka kaburini. Siku ya pili asubuhi alituambia tuvae viatu vya kutembea sana, kwa maana tunakwenda Disney.

Walt Disney World, kwa asiyepajua, ni eneo lililofunguliwa Oktoba 1971 karibu na mji wa Orlando. Lina bustani nne kubwa za burudani, hoteli nyingi, maziwa na misitu, na ukubwa wake wote wafikia yapata kilomita za mraba 100. Katika bustani iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, tulikuta mji wa kubuni wenye jina la Harambe, uliojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu kama Lamu. Kuta zake zimebanduliwa chokaa kwa makusudi na mafundi waliolipwa ili zionekane za kale. Tulisimama mbele ya maandishi ya Kiswahili, watalii wakitupita, kijana mmoja wa kazi akatuamkia "Jambo!" kwa furaha kubwa. Tulimjibu "Hatujambo, mwanangu," akabaki kinywa wazi. Rafiki yetu alicheka hadi akajishika ukuta, ule ule wa uzee wa kutengenezwa. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu tuwasili.

Lakini habari yetu ni ya jioni yake.

Alikuwa amelipia meza katika onyesho liitwalo Hoop-Dee-Doo Musical Revue, ambalo hufanyika katika hoteli ya kambi msituni iitwayo Fort Wilderness. Lilianza mwaka 1974, na ni miongoni mwa maonyesho ya mezani yaliyodumu miaka mingi kabisa nchini Marekani. Watu huketi wakala, huku waimbaji sita wakicheza, wakiimba na kutaniana nao. Tulipokuwa tukingoja mashua gatini alitupatia simu yake tuone tiketi. Macho yetu, badala ya kusoma saa, yakasoma bei: zaidi ya dola 60 kwa mtu mmoja. Tukafanya kama wafanyavyo wageni wote watokao kwetu, tukazigeuza kuwa shilingi, na zilipozidi laki na nusu kwa kila kichwa ulimi ukatuteleza.

"Ndugu yetu," tulisema, "fedha hizi kule nyumbani zingelisha watu mwezi mzima. Na wewe kweli una moyo wa ngoma wakati huu?"

Hakujibu. Alichukua simu yake, akaifuta kwenye shati, akaitia mfukoni. Mashua ikaja.

Njia ya majini kutoka bustani ya Magic Kingdom kwenda Fort Wilderness ina ajabu yake. Ziwa la kwanza lilichimbwa na watu, la pili liitwalo Bay Lake ni la asili, na kati ya hayo mawili maji hupita juu ya barabara. Mashua huelea juu, magari hupita chini. Tulikuwa tukiinama kuyatazama magari yale, tukifurahi kama watoto, rafiki yetu aliposema bila kugeuka, "Kiti utakachokalia ni cha shemeji yako."

Ndipo alipotueleza. Mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuwa ameweka nafasi ya watu wawili kwa ajili ya miaka 25 ya ndoa yao, mwezi Aprili. Miaka yote waliyoishi karibu na mahali pale hawakuwahi kwenda. Mara mmoja alikuwa na zamu, mara ada za watoto. Mwezi Machi mambo yote yakafungwa kwa sababu ya ugonjwa, onyesho likasimama, fedha zikarudishwa. Shemeji akasema si neno, watakwenda likifunguliwa. Lilifunguliwa tena Juni 2022. Tangu hapo, alituambia, mara tatu alifungua ukurasa wa kuweka nafasi na mara tatu akaufunga, kwa sababu palikuwa na kisanduku cha kujaza idadi ya watu, naye hakujua aandike ngapi. Tulipomwandikia kwamba tunakuja, aliandika wawili.

Sisi hatukuwa na la kusema. Mashua ilikuwa imejaa watoto wenye masikio ya panya ya plastiki vichwani, na katikati yao tulikaa kimya, tukiyasikia maneno yetu ya gatini yakirudi moja moja.

Ukumbi unaitwa Pioneer Hall, nao ni nyumba kubwa ya magogo, yenye roshani ndani na jukwaa dogo mbele. Onyesho letu lilikuwa la saa kumi na mbili na robo jioni. Tulifanya ishara ya msalaba, na mama wa meza jirani alipotuona akawanyamazisha wanawe mpaka tumalize, jambo lililotugusa. Kisha chakula kikaja, na kilikuja ndani ya ndoo. Hatusemi kwa mfano. Ni ndoo za bati, ndogo kidogo kuliko zile za kukamulia maziwa, moja ya kuku wa kukaangwa, nyingine ya mbavu za nguruwe, na viazi vya kupondwa, maharage na mkate wa mahindi. Ndoo ikiisha huletwa nyingine. Tulikuwa tumekusudia kula kidogo, kwa heshima ya msiba. Tunakiri kwamba kuku yule alitushinda.

Waimbaji walivaa mavazi ya Marekani ya zamani, wanaume watatu na wanawake watatu, piano na banjo zikiwasindikiza. Hadithi yenyewe ni nyepesi mno: wasafiri wamefika kijijini, mmoja mjinga, mmoja mwimbaji mzuri ajuaye kwamba ni mzuri, mama mmoja mnene wa maneno awapendaye wanaume wote ukumbini. Utani wenyewe ni ule ambao kwetu ungemfaa mzee wa ngonjera kwenye sherehe ya shule. Mwanzoni tulitabasamu kwa adabu. Baada ya nusu saa tulikuwa tukizungusha vitambaa vya mezani juu ya vichwa vyetu pamoja na watu mamia, wala hatukujua tulianza lini. Tulipomtazama rafiki yetu, alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, na hatukuweza kujua ni machozi ya namna gani. Tuliacha kutazama.

Kisha tukafika mahali ambapo wachezaji huulizana na wageni. Nani leo anatimiza mwaka? Watoto wakanyanyuka, wakaimbiwa. Nani yuko fungate? Wawili wakasimama, wekundu kwa aibu. Na nani anaadhimisha ndoa?

Rafiki yetu aliinua mkono.

Tulimshika shati chini ya meza, kwa hofu tu, bila kujua tulitaka kumzuia au kumsaidia. Mwimbaji, yule mama wa utani, alikwisha kumwona. Akamuuliza miaka mingapi. "Ishirini na minane," alijibu, kwa sauti kubwa kuliko tuliyoizoea. Ukumbi ukapiga makofi. Mama akashika kiuno, akakitazama kiti chetu, akatutazama sisi, akauliza yuko wapi basi huyo bibi arusi.

Wapendwa, hapo muda ulikuwa mrefu. Tulifungua kinywa ili tumweleze yule mama wa watu, kwa maana tuliona ni vibaya ukumbi mzima ufurahie kitu usichokijua, na pengine tuliona vibaya pia kwamba rafiki yetu atasema uongo mbele yetu. Alituwekea kiganja juu ya mkono. Akasema, "Usiku huu hakuweza kuja."

Tumelitazama neno lile pande zote tangu siku ile, kama mtu akaguaye noti, na hatujaona mahali ambapo si kweli.

Yule mwimbaji, hatujui alisoma nini usoni pake. Hakutania tena. Alisema kwamba basi wimbo unaofuata atampelekea yeye, akaimba mstari wa kwanza akiwa amemtazama rafiki yetu peke yake, kisha akarudi jukwaani na makelele yakaendelea. Waliadhimishao siku zao wakapewa mbao za bati za kufulia nguo, zile za zamani, wazikwaruze kama ala ya muziki. Rafiki yetu akakwaruza ya kwake kwa bidii, nje kabisa ya mapigo. Shuleni pia ndivyo alivyopiga kayamba.

Mwishoni hutolewa keki yenye stroberi na krimu. Kijana aliyetuhudumia alitupa zetu, kisha tulipokuwa tukiondoka akaja mbio na kisanduku cha karatasi, akamwambia rafiki yetu kwamba kwa kawaida hawafungi chakula cha kupeleka nje, lakini hiki ni cha mama, ampelekee. Rafiki yetu alikipokea kwa mikono miwili, kama tufanyavyo kwetu, akashukuru. Hakusema lolote zaidi, na safari hii sisi nasi tulijua kunyamaza.

Hatukupanda mashua mara moja. Alituambia karibu saa nne kasorobo hupita kitu ziwani, tukakaa ufukweni kwenye mchanga kukingoja, kisanduku kikiwa magotini pake. Hapo tulipata nafasi ya kumwambia kwamba maneno yetu ya gatini yalikuwa mabaya, na kwamba tunaomba radhi.

"Hata," alisema. "Yeye alisema hayo hayo. Mwaka ule wa 2020 alipoona bei aliniambia tungoje ndoa ya miaka hamsini, labda wazee hupunguziwa. Nikalipa kabla hajamaliza kusema."

"Na hawapunguziwi?"

"Hawapunguziwi."

Tulicheka, na baada ya kucheka alilia, kwa muda, bila kuficha, na sisi tulikaa kando yake. Hicho ndicho tulichokuwa tumesafiri kuja kukifanya, ila hatukudhani kingefanyikia pale.

Kisha taa zikatokea majini. Ni msafara wa matishari yaliyopambwa, ambao umekuwa ukipita katika maziwa yale tangu Oktoba 1971: nyoka wa bahari, kasa, nyangumi, wote wamechorwa kwa taa tupu gizani, na muziki wa vinanda vya umeme ukiwafuata. Ni kitu cha kitoto. Nyangumi alipopita rafiki yetu alikifungua kisanduku, akaitazama keki, akaikata katikati kwa uma mmoja wa plastiki uliokuwamo, akala nusu yake polepole. Kisha akatupatia uma.

Tulikataa. Tulisema ni ya shemeji.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Yeye mwenyewe angekuuliza kama umekula."