Fundi alitaka kupiga Window



Samahani kwa ukimya. Wiki iliyopita nusura niaibike.

Nilikwenda Makambako kumrekodi mama mmoja, mkulima wa viazi, aeleze lumbesa inavyomnyonya. Mara mbili alinikatalia. Mara ya tatu akasema, "Haya mwanangu, ila usinipotoshe." Sauti nikaihamishia kwenye laptop, kwenye simu nikaifuta ili nipate nafasi. Ujinga wangu, najua.

Usiku niko Njombe, baridi lake mnalijua, umeme ukakatika. Betri yangu ilishakufa zamani. Umeme uliporudi, Windows ikagoma kuwaka. Asubuhi nikaenda kwa fundi. Hata dakika mbili hazikuisha: "Kaka, hapa ni kupiga Window upya. Vilivyomo sahau."

Nikabeba laptop yangu nikarudi nyumbani.

Jamani, Windows kufa si diski kufa! Nilikuwa na flashi yenye Ubuntu tangu chuo, nikawashia mashine humo bila kuweka chochote kwenye diski. Patisheni ya Windows hupangwa kwa mtindo wa NTFS, na Linux inausoma: kwa programu ya NTFS-3G, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2007, au kwa ntfs3, iliyoingia ndani ya Linux yenyewe kwenye toleo la 5.15 mwaka 2021.

Niliandika lsblk, patisheni zikajipanga. Kubwa kuliko zote kwangu ilikuwa sda3. Yako inaweza kuwa na jina jingine. Kisha:

sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt

Hiyo "ro" msiiache. Maana yake: soma tu, usiandike. Patisheni iliyozimika ghafla ukiiandikia unaweza kuiharibu zaidi. Na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, hata ukizima kawaida mashine huweza kusinzia tu ili kesho iwake haraka, kwa hiyo tahadhari ni ileile. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, bila ufunguo wake hupati kitu.

Nikafungua /mnt. Folda zangu zote hizo hapo! Nikanakili sauti kwenye flashi nyingine, nikaisikiliza. Mama anaongea, nyuma yake jogoo anawika.

Habari ilikwenda jioni ileile, maneno ni yake mwenyewe. Ningekuwa na uso gani wa kumwomba mara ya nne?

Sasa fundi apige Window yake, ruksa. Ila wewe, toa kwanza vilivyo vyako.