Kilatini cha Bunia

Bunia, mchana. Pikipiki za Boulevard de la Libération zinashindana kwa sauti na mwalimu wa Kilatini. Kwetu Tanzania lugha hii nimezoea kuikuta seminarini, kwa vijana wanaoandaliwa upadre. Huku Kongo ni mchepuo wa sekondari, Latin-philo, na wasichana wamo.

Somo ni partisipio, kitenzi kinachofanya kazi ya kivumishi. Ubaoni: liber scriptus, epistula scripta, carmen scriptum. Kitabu kilichoandikwa, barua iliyoandikwa, shairi lililoandikwa. Barua ikiwa yambwa, vyote viwili vinageuka: epistulam scriptam. Mwalimu anaeleza kwa Kifaransa, na hapo naona watoto wanazungushwa bure. Kifaransa kimebakiwa na jinsia na idadi tu, tena mara nyingi sikio halizipati. Kiswahili kinapatanisha waziwazi, ila chenyewe kinafanyia kazi hiyo mwanzoni mwa neno, Kilatini mwishoni. Ni kweli sokoni hapa nasikia “kitabu yangu”, kama Nairobi. Lakini Kiswahili sanifu nacho wanakisikia kila siku redioni.

Kilichonikaa zaidi ni suala la wakati. Vidi eum scribentem: nilimwona akiandika. Ile -ki- haina wakati wake, inaazima wa “nilimwona”. Sema “nitamwona akiandika”, kuandika kunahamia kesho bila -ki- kuguswa. Kilatini vilevile, videbo eum scribentem. Mtoto wa mkoa huu wa Ituri anayajua haya kabla hajafungua kitabu. Laiti angeanzishiwa hapo!

Kisha likaja urbe capta: mji ulipokwisha kutekwa. Maneno mawili, bila kiunganishi. Darasa hili lilizaliwa baada ya 2003, mwaka ambao wanamgambo waliupigania mji huu hadi Umoja wa Ulaya ukaleta askari wa Operesheni Artemis, Juni hadi mwanzo wa Septemba. Wazazi wao walikuwepo. Msichana wa dawati la mbele alitafsiri upesi, la ville prise, na mwalimu akamzuia: sentensi haijaisha, kitenzi kikuu kiko wapi? Mji umetekwa, halafu?

Msichana akajaza cives fugerunt, raia walikimbia. Wa nyuma yake akajaza cives redierunt, raia walirudi. Zote sahihi, mwalimu akasema, akafuta ubao na kuandika scripturus, aliye karibu kuandika.